Phineas Gage, kapita wa baruti: chuma kilipita mu kichwa, akabaki muzima

Wandugu wa mine, na ninyi jamaa za nyumbani, leo ninawaletea maisha ya mutu ambaye wanganga wa dunia nzima wanamujua, lakini sisi watu wa baruti hatumujui sana. Na yeye alikuwa wa kazi yetu. Hakuwa mufalme, hakuwa pasta, hakuandika kitabu. Alikuwa kapita wa kupasua mawe. Jina lake ni Phineas Gage. Alikufa mwaka 1860, na mpaka leo fuvu la kichwa chake linachungwa mu universite ya Harvard, mu muji wa Boston, Marekani, pamoja na chuma kilicholipasua. Mutu akiuliza akili ni nini, inakaa wapi na inaishia wapi, walimu wengi wanaanza kumwelezea habari ya huyu kapita.

Gage alizaliwa mwaka 1823 mu jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani. Alikuwa mutoto wa kwanza, na nyuma yake wanne. Masomo hakupata mingi. Lakini munganga aliyemutunza aliandika kwamba alikuwa kijana wa nguvu, si murefu sana, hakuzoea kugonjwa, mwenye akili ya kupanga kazi na kuhesabu feza, na akianza jambo anafika mpaka mwisho wake. Alipokuwa na miaka 25 alikuwa tayari kapita wa wapasua mawe ku njia ya treni ya Rutland na Burlington, mu jimbo la Vermont. Wale waliomupa kazi walimuhesabu kuwa wa kwanza kati ya makapita wao.

Alikuwa na chuma chake cha kushindilia baruti. Alimuomba mufua vyuma amutengenezee namna yeye mwenyewe alitaka: urefu metre 1 na sentimetre 10, unene sentimetre 3, uzito kilo 6, laini, na upande mumoja umechongoka. Fundi wa kweli anapenda chombo chake, na Gage alipenda kile.

Kila mutu aliyefanya kazi ya baruti anajua mupango. Unatoboa shimo mu jiwe, unamwanga baruti, unatia meshi, unaweka muchanga juu, halafu unashindilia, ili nguvu ya mulipuko isirudi inje, iende mu jiwe. Muchanga njo unatenga chuma na baruti. Siku hizi tunafundishwa kushindilia na fimbo ya mbao, sababu mbao haitoi cheche. Wakati ule walitumia chuma.

Tarehe 13 Septemba 1848, mangaribi, karibu na muji mudogo wa Cavendish, kikundi cha Gage kilikuwa kinapasua mwamba. Baruti ilikuwa mu shimo. Nyuma yake watu walikuwa wanapakia mawe mu gari. Gage akageuza kichwa juu ya bega la kuume, akafungua kinywa kusema nao. Wakati ule ule chuma kikagonga jiwe, cheche ikatoka. Inaonekana muchanga ulikuwa bado kuwekwa. Baruti ikalipuka, chuma kikaruka kama lisasi, ncha mbele. Kiliingia ku shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikapasua bongo upande wa mbele, kikatoka juu ya kichwa, kikaanguka mbali, karibu metre 25.

Gage alianguka chali. Mikono na miguu ikatetemeka. Watu wake walizania amekwisha. Lakini nyuma ya dakika kidogo akasema. Wakamusimamisha, akatembea kwa kushikwa kidogo, wakamupandisha mu gari la ngombe, na mu njia yote ya kilometa moja na zaidi alikaa wima, hakulala. Munganga wa kwanza, Edward Williams, alimukuta amekaa ku kiti mbele ya hoteli fasi alikuwa anapanga, anawaelezea watu namna aksida ilifika. Munganga hakusadiki kwamba chuma kilipita mu kichwa. Halafu Gage akasimama kutapika, na kwa nguvu ya kutapika sehemu ya bongo ikatoka kwa tundu la juu, ikaanguka chini. Hapo Williams akasadiki.

Mangaribi ile ile akafika munganga mwingine, John Harlow, kijana bado. Yeye njo alimutunza mpaka mwisho. Gage alimujua, akamwambia kwamba hakuna lazima wenzake waje kumwangalia, sababu siku moja ao mbili atarudi ku kazi. Wandugu, ni wangapi kati yetu wanasema maneno kama yale wakati damu bado inatoka?

Hakurudi nyuma ya siku mbili. Kidonda kiliharibika. Wakati ule watu hawakujua bado kwamba vijidudu njo vinaleta usaha mu kidonda, wala hawakuwa na dawa ya kuviua. Gage akaanza kupotelewa na fahamu, jicho la kushoto likafa, na watu wa nyumba wakatayarisha sanduku la maziko. Harlow akapasua uvimbe, akatoa usaha mingi. Polepole mugonjwa akarudi. Nyuma ya wiki kumi tangu aksida, alipelekwa kwa wazazi wake New Hampshire. Anakula, anatembea, anasema. Watu wakaona ni muujiza, na kweli ilifanana na muujiza.

Lakini hapa njo habari yenyewe inaanza.

Mu siku za kupona Harlow alijaribu akili yake. Ukumbusho ulikuwa muzima: alijua majina, alijua siku, alijua kazi. Lakini kupima bei ya vitu kulimushinda. Alikuwa na vijiwe kidogo alivyookota fasi ya kazi, mu muto uliokauka zamani. Hata kwa dolare 1000 hakukubali kuviacha. Sisi watu wa mawe tunajua jiwe la bei na jiwe bure. Na yeye mbele ya aksida alijua.

Mwaka 1849 alijisikia na nguvu, akaenda kuomba kazi yake ya ukapita. Wakubwa wa kazi wakamukatalia. Hawakusema kwamba mwili ni zaifu. Walisema tabia imebadilika mingi, hawawezi kumurudishia watu mu mikono yake. Harlow aliandika namna walimuona: mutu asiye na subira, anatukana matusi ambayo mbele hayakuwa tabia yake, hasikii shauri la wenzake likipingana na mapenzi yake, leo anapanga jambo hili, kesho analiacha, anapanga lingine. Marafiki waliona kwamba Gage waliyemujua hakuwa tena pale, hata kama uso na sauti vilikuwa vyake.

Wandugu, tusimame hapa kidogo. Tangu zamani tulifundishwa kwamba kuna mwili na kuna moyo. Mwili unavunjika, unafungwa kitambaa. Tabia, hapana: hiyo ni mambo ya mutu mwenyewe, malezi yake na Mungu wake. Mutu akipoteza mukono kazini, hakuna anayemwambia ni mubaya. Gage alipoteza kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba chuma kinaweza kukichukua: uvumilivu, heshima ya kinywa, nguvu ya kushika mupango wake. Kumbe hata vitu vile vina fasi mu nyama ya bongo, na fasi ile inaweza kupasuliwa.

Lakini tusikimbie kusema kwamba tumeelewa yote. Wanganga wenyewe hawakuona mutu mumoja. Mwisho wa mwaka 1849, munganga mukubwa wa Boston, Henry Bigelow, alimuita Gage, sababu wanganga wengi walizania habari ni uongo. Akamuchunguza kwa wiki kidogo, akapima tundu la kichwa, akalinganisha na chuma. Mwaka 1850 akaandika kwamba mutu yule amepona, mwili na akili. Harlow aliyemujua vizuri zaidi alikawia miaka 20 tangu aksida mbele ya kuandika wazi juu ya kubadilika kwa tabia. Bigelow hakuwa mujinga. Aliangalia vitu vyenye kuonekana mu chumba cha munganga: anasikia, anaona na jicho moja, anajibu vizuri, anatembea. Wakubwa wa kazi na marafiki waliangalia vitu vyenye kuonekana ku kazi na mu nyumba. Kila mumoja alisimama ku mulango wake, akasema ameona nyumba nzima.

Nyuma ya kukataliwa, Gage alitafuta maisha. Harlow anasema alikaa wakati fulani New York mu nyumba ya maonyesho ya Barnum, fasi watu walilipa kuangalia vitu vya ajabu. Alisimama na chuma chake, kile hakukiacha tena mpaka kufa. Halafu akafanya kazi mu zizi la farasi kule New Hampshire, mwaka mumoja na nusu hivi. Mwaka 1852 akapanda meli kwenda Chile, Amerika ya Kusini, inchi ya shaba kama yetu. Kule alikaa karibu miaka saba, akiongoza gari la abiria la kuvutwa na farasi sita, mu barabara ya Valparaíso na Santiago.

Tufikiri kazi ile. Kuamuka usiku, kulisha farasi, kuwafunga, kupokea abiria na mizigo yao, kukaa na watu wa luga ingine, kushika kamba za farasi sita mu barabara mubaya saa kumi na tatu kwa siku. Mutu asiyeweza kujitawala hawezi kuifanya miaka saba. Kwa hiyo yule walimukatalia ukapita, kule mbali alifanya kazi yenye kuomba macho, subira na mupango.

Mwaka 1859 afya yake ikazoofika. Akapanda kwenda San Francisco, California, kwa mama yake Hannah na dada yake. Mama aliwaelezea watu baadaye kwamba Gage alipenda watoto wa dada yake, aliwahadisia hadisi za ajabu za safari zake, nyingine za kujitungia, na alipenda sana farasi na imbwa. Alipopata nguvu kidogo akatafuta kazi ya shamba. Februari 1860 kifafa kikamushika, kikarudi tena na tena. Alikufa tarehe 21 Mei 1860, na miaka 36. Hakuna munganga aliyefungua kichwa kuangalia bongo.

Harlow hakumusahau. Mwaka 1866 akapata habari ya mama, akamwandikia. Akaomba jambo zito: wafungue kaburi, wamutumie fuvu, ili wengine wajifunze. Mama akakubali. Mwaka 1868 Harlow akatoa andiko lake la pili, na pale njo dunia ilipata kujua habari ya tabia kubadilika.

Tangu hapo kila mutu alimuvuta Gage upande wake. Wakati ule wanganga walikuwa na mabishano makubwa: je, bongo inafanya kazi yote pamoja, ao kila sehemu ina kazi yake? Wale wa kwanza walisema: angalieni, alipoteza kipande na bado anaishi, anasema. Wale wa pili walisema: angalieni, alipoteza kipande na tabia ikaenda nacho. Mufano mumoja, na kila upande ukasema ni wake. Na vitabu vingi vikaongeza chumvi. Vikasema alikuwa mulevi, mupigaji, hakuweza kushika kazi yoyote mpaka kufa. Malcolm Macmillan, mwalimu wa Australia, alifuata karatasi zote za zamani, na mwaka 2000 akatoa kitabu kuonyesha kwamba mingi ya maneno yale hayana mushuhuda. Mabaya tunayoyajua kwa hakika ni ya miaka ya kwanza nyuma ya aksida. Wakati wa Chile unaonyesha kitu kingine: kazi yenye saa zake na mupango wake inaweza kumusaidia mutu kujijenga tena.

Mwaka 2012 watafiti wa California walitumia kompyuta kufuata njia ya chuma mu fuvu. Wakahesabu kwamba kilipasua karibu asilimia 4 ya ganda la juu la bongo, lakini kilikata karibu asilimia 11 ya nyuzi zinazounganisha sehemu moja na ingine. Mutu wa chini ya udongo ataelewa upesi. Ukikata kabo ya telefone fasi moja, posti ya mbali inanyamaza, hata kama yenyewe haikuguswa. Lakini hesabu ile pia ni ya kukisia, sababu bongo ya Gage ilioza mu kaburi, hakuna aliyeiona. Tunajua chuma kilipita wapi. Hatujui mutu yule alijisikia namna gani alipokuwa peke yake usiku. Pale njo mwisho wa akili yetu: inaweza kupima jiwe, chuma na mufupa, lakini akili ya mwenzako unaijua tu kwa matendo yake, na matendo unaona nusu.

Kwa nini ninawaandikia haya? Juu ya jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilifanya.

Miaka kidogo iliyopita nilikuwa delege ku kampani moja. Mwenzetu aliangukiwa na jiwe ku kaske. Kaske ikapasuka, yeye akakaa chini, akakunywa maji, akamaliza zamu. Hakuna kilichoandikwa. Miezi ikapita. Yule alikuwa mutu wa kimya, akaanza kutukana wakubwa na wadogo, kupigana, kugawa mushahara wake mu njia kwa watu asiowajua. Mama wa nyumba yake alikuja kwangu, akanieleza kwamba bwana anarudi nyumbani lakini si yeye anayerudi. Kulikuwa waliosema ndugu yake alimuloga juu ya shamba. Wengi tulisema ni lutuku. Alipofikishwa mbele ya wakubwa juu ya kupigana, karatasi ya kumufukuza iliomba sinyatire ya delege. Nikaitia. Alirudi kwa wazazi wake, mu kijiji, bila dosie yoyote.

Siku nilisoma maisha ya Gage, nilikumbuka kaske ile. Sijui kama jiwe njo lilibadilisha mwenzetu. Pengine ni pombe kweli. Lakini hakuna aliyeuliza, na mimi niliyechaguliwa kuuliza sikuuliza. Niliona mutu anatembea, anasema, nikahesabu kwamba kichwa ni kizima na ubaya ni wake. Nilifanya kama Bigelow, na sikuwa hata na wiki kidogo za kuchunguza.

Kwa hiyo, wandugu, ninaomba mambo matatu. La kwanza: pigo lolote la kichwa, hata kama mutu anasimama na kucheka, liandikwe siku ile ile mu karatasi ya aksida, na mutu apelekwe lopitalo. Karatasi ile njo itamusemea siku tabia itabadilika. La pili: kama mwenzetu amebadilika, tuulize kwanza mama wa nyumba na watoto, mbele ya kuuliza kapita. Wao njo wanaona upande ambao sisi hatuoni. Na ninyi wamama, musiogope kuja ku sendika kusema. Haya si ya kufichwa mu nyumba. La tatu: tusifunge mulango kwa haraka. Anayeshindwa kuongoza watu leo, pengine anaweza kazi nyingine yenye mupango wa kila siku, na kesho akawa mwingine tena. Gage alikataliwa Vermont, akaongoza farasi sita kule Chile.

Iko picha yake ya zamani iliyotambuliwa mwaka 2009. Amevaa vizuri, jicho la kushoto limefungwa, jicho la kuume linatuangalia bila haya. Mu mikono anashika chuma chake.

Mwenzetu yule, nilituma habari kijijini kwao mwezi uliopita. Bado ninangojea jibu. Kama anaishi, tutaanza na lopitalo, halafu tutaona juu ya dosie.